Sikuharibii Mwisho

Kama ulichotaka ni mkate tu, ungefanya vizuri kwenda duka lingine lolote. Kwa Staringi, mkate ulikuja na filamu. Ungeomba mkate mmoja, naye angeuteremsha rafuni, angeufunga kwenye karatasi vizuri, halafu badala ya kukukabidhi angeukumbatia kifuani na kukukodolea macho kama daktari anayetafuta homa. "Umechoka wewe," angesema. "Tena uchovu wako si wa mwili. Kuna filamu moja..." Hapo ujue mkate wako umeshatekwa, na hautoki mpaka umsikilize.

Watu walinung'unika, lakini walirudi. Kwanza mkate wenyewe ulikuwa mkate kweli, ganda linalovunjika kwa sauti na ndani laini. Pili, mzee yule alikuwa na jicho. Mama mmoja aliyekuwa haelewani na mama mkwe wake alipewa ile ya mabibi wawili waliokwama kwenye lifti siku ya harusi ya wajukuu wao. Karani wa mahakama, mtu asiyecheka hata umtekenye, alipewa ile ya mwizi wa benki anayeogopa mbwa, na siku ya pili jirani yake alikuja dukani kulalamika kwamba kicheko kilimnyima usingizi. Bwana harusi aliyekuwa anatetemeka alipewa ile ya watu waliofunga ndoa ndani ya treni iliyokosea njia. Majina ya filamu Staringi hakuyashika. Majina, alisema, hubandikwa na wafanyabiashara. Yeye alizibatiza mwenyewe: Ile ya Lifti, Ile ya Mbwa, Ile ya Treni, na mnunuzi akienda kuitafuta kwa wauza filamu alitakiwa kujieleza kwa mikono.

Alikuwa na sheria zake pia. Filamu haihukumiwi mwanzoni, kama kinyunga cha mkate kisivyohukumiwa kabla ya kuumuka. Usitazame filamu na mtu mwenye njaa. Tangazo likiwa na bunduki nyingi, ujue maneno yaliwaishia mapema. Filamu ya mapenzi ambayo wapenzi wote wawili ni wazuri kupita kiasi, achana nayo, maana watu wa namna hiyo hawana shida ya kweli. Na iliyopita zote: mwisho hausemwi. Ukithubutu kuuliza, "Kwani wanapona?" angeinua kiganja cheupe kwa unga na kusema, "Sikuharibii mwisho. Nenda kaone mwenyewe. Utafurahi." Baada ya hapo ndipo ungepata mkate wako.

Mtaa mzima ulimsifu kwa uungwana huo. Laiti wangejua! Staringi hakuharibu mwisho wa filamu kwa sababu hakuna mwisho wa filamu aliowahi kuuona kwa macho yake mawili.

Usimcheke haraka. Mwoka mikate huamka wakati majogoo wenyewe bado wanajigeuza upande wa pili. Anawasha tanuri, anakanda, anapanga trei, anachoma mikono, anauza, anafagia, na jioni akishaoga na kula, mwili unadai haki yake. Staringi aliketi kwenye kiti chake chenye mto, mbele ya televisheni, akaanza vizuri kila mara. Macho makavu, maoni tele kuhusu mavazi ya watu na tabia za wapishi wao. Lakini filamu ikifika pale mambo yanapoharibika, muziki umeshuka na mhusika mkuu amefungwa kamba, kidevu chake nacho kilishuka. Hata siku za mapumziko alizojaribu mchana, muziki ukipungua tu alikuwa ameshaanza kukoroma.

Aliyebaki macho ni mkewe. Yeye alishona sare za shule, na vifungo alivishona kwa mkono jioni, mguu mmoja juu ya kigoda, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye televisheni. Alfajiri, akimmiminia mumewe chai kabla hajatoka, aliulizwa swali lilelile.

"Iliishaje?"

Naye akamsimulia. Mpishi aliyepoteza ladha aliipata tena. Mwanajeshi alirudi. Msichana wa kwenye meli aliokolewa, akavishwa blanketi, akapewa chai. Staringi alisikiliza kikombe kikiwa hewani, kisha akapiga goti lake na kusema, "Nilijua tu!" Akavaa kofia, akaenda kazini akipiga mluzi. Mambo yakaendelea hivyo miaka nenda miaka rudi. Mabinti wawili walizaliwa, wakasoma, wakaolewa, na siri ya usingizi wa baba yao haikuwahi kuvuka mlango.

Mkabala na duka la mkate palikuwa na karakana ya seremala aliyeitwa Msumari. Jina hilo halikutokana na kazi, kwa sababu samani zake alizifunga kwa vigingi vya mbao na aliwaona wapiga misumari kuwa wavivu. Lilitokana na tabia. Ukimgonga umsogeze, ndiyo kwanza anazama palepale. Yeye na Staringi walikuwa chanda na pete tangu ujanani. Kila siku kazi ikitulia alivuka barabara na kikombe chake, akaketi juu ya gunia la unga, akala ncha za mikate zilizokatika. Filamu hakuzitaka hata kuzisikia.

"Watu wazima wanaojifanya watu wengine," alisema. "Kwetu huo tuliuita uongo."

Msumari alikuwa na binti mmoja tu. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya kidole, na baba akamlea karakanani, katikati ya randa na gundi. Binti akatoka fundi kuliko mafundi. Alipokua akasema anataka karakana yake mwenyewe, katika mji mwingine, na samani za michoro yake. Baba mtu akasikia kama ametukanwa. "Ukivuka kizingiti hicho," akamwambia, "usirudi." Binti naye alikuwa mtoto wa Msumari, basi unategemea nini? Alivuka. Miaka miwili ikapita, baba hapigi simu, binti hapigi simu, na kila mmoja akiulizia habari za mwenzake kwa Staringi kana kwamba anauliza hali ya hewa.

Sasa binti alikuwa anaolewa Jumamosi. Alimpigia Staringi, aliyemwita baba mdogo tangu alipoanza kusema. "Baba mdogo, mwambie baba. Kiti chake nimekiweka mbele kabisa. Nimekichonga mwenyewe. Asipokuja, sitamkalisha mtu mwingine."

Staringi alivuka barabara mbio akafikisha ujumbe. Msumari alikuwa anapiga randa. Hakuinua kichwa.

"Mimi sina binti," akasema, na akaendelea kupiga randa mpaka ubao ukawa mwembamba kama biskuti, haufai tena kwa kazi yoyote.

Maneno hayo yalimuuma Staringi vibaya. Yule mtoto alijifunza kutembea kati ya tanuri na gunia la unga, akimshika suruali. Na alimjua rafiki yake: Jumamosi ikipita, kile kiti kikikaa kitupu mbele ya watu, basi tena. Wote wawili wangejigamba hawajali, na wangeishi hivyo mpaka mmoja azikwe. Alilifikiria jambo hilo mpaka akasahau chumvi kwenye kinyunga cha asubuhi, na wateja wakasema mkate umekaa kihospitali.

Kisha akapata dawa. Unadhani dawa gani? Filamu.

Aliiita Ile ya Saa. Mzee mmoja fundi wa saa amegombana na binti yake, binti amehamia ng'ambo ya milima. Mzee anatengeneza saa ya ukutani, kazi ya maisha yake, anaifunga kwenye blanketi na kwenda nayo kumwomba radhi. Basi linaharibika, theluji inaanguka, anaibeba mgongoni. Hadi hapo Staringi aliona mwenyewe. Yaliyobaki aliyapata kwenye chai: mzee anafika, mlango unafunguliwa hata kabla hajabisha, na binti anamwambia, "Umechelewa baba, chai imepoa." Staringi alilia siku ile alipohadithiwa, machozi yakaingia kikombeni.

Jumanne alivuka barabara na flashi mfukoni.

"Nina ombi moja," alisema. "Sitakuomba jingine maishani."

"Ukisema filamu nakutoa nje."

"Filamu."

"Toka nje."

Staringi hakutoka. Aliketi juu ya meza isiyokauka vanishi, suruali ikanata, akaanza kusimulia. Msumari aliendelea na patasi yake. Lakini Staringi alipofika kwenye saa na blanketi, patasi ilipunguza mwendo. Alipofika kwenye theluji, patasi ilisimama.

"Hiyo saa ni ya mbao gani?" Msumari akauliza.

"Ya mninga," akasema Staringi, ambaye hakuwa na habari.

"Nzito hiyo." Msumari akapuliza vumbi la mbao mezani, ingawa hapakuwa na vumbi lolote. "Na huyo mzee... anafika?"

Hapo palikuwa pa kuinua kiganja na kusema maneno yake ya siku zote. Lakini aliutazama uso wa rafiki yake, akaona kwamba swali lile halikuhusu filamu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akavunja sheria yake kubwa.

"Anafika. Mlango unafunguliwa kabla hajabisha. Binti yake alikuwa anamsubiri siku zote. Nakuapia kwa urafiki wetu."

Msumari akanyoosha mkono bila kumtazama. "Lete hicho kidude chako. Na inuka juu ya meza yangu, vanishi yote imeishia kwenye suruali yako."

Staringi alirudi dukani akiwa na kiraka cha vanishi nyuma na furaha mbele. Siku hiyo kila mteja alipewa mkate bila kutekwa.

Jumatano asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Wa kwanza alikuwa nesi, aliyepita kila siku akitoka zamu, viatu mkononi na ndara miguuni. Alikuwa mfuasi mkubwa wa Staringi, na macho yake siku hiyo yalikuwa yamevimba.

"Mzee wangu," alisema, "leo nataka unijibu kitu. Wewe ni mtu wa furaha. Mbona filamu zako zote ni za msiba?"

Staringi akacheka. "Msiba wapi?"

"Ile ya Saa. Nimemaliza juzi, mpaka leo sijakaa sawa. Yule mzee anafika, nyumba imefungwa, binti ameshahama. Anaiacha saa mlangoni. Inapiga peke yake, theluji inaifunika. Mungu wangu!"

"Hapana," akasema Staringi kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Mlango unafunguliwa."

"Haufunguliwi."

"Binti anamwambia chai imepoa."

"Chai gani? Hakuna chai mle ndani."

Staringi aligeukia foleni kutafuta mashahidi, na hilo lilikuwa kosa. Karani wa mahakama alisema kweli, nyumba imefungwa, yeye aliitazama mara mbili. Yule mama asiyeelewana na mama mkwe wake akasema si hiyo tu, hata yule mwanajeshi alirudi ndani ya sanduku. Mwingine akasema msichana wa meli alizama na blanketi lake. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa nyuma kabisa akapaza sauti kwamba mkewe alilia siku nzima kwa ajili ya treni iliyokosea njia. "Sisi tulidhani ndivyo unavyopenda," akasema nesi. "Tunasema, huyu mzee ana moyo mgumu! Kila filamu watu wanakufa, naye anatuambia tutafurahi. Tukaona labda ni furaha ya wakubwa, sisi bado."

Miaka yote watu walipokuja na macho mekundu, Staringi alidhani ni machozi ya furaha. Alisimama pale na mkate wa nesi kifuani mpaka harufu ikamzindua. Trei mbili nzima zilikuwa zimeungua. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

Alitupa aproni, akavuka barabara. Kwenye mlango wa karakana kulikuwa na kufuli. Msumari hakuwahi kufunga siku ya kazi, hata siku aliyojikata kidole. Staringi akapiga simu yake, na simu ikasikika ikilia ndani, juu ya meza, katikati ya mbao.

Alifika nyumbani akihema. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mapaja yamejaa mashati meupe.

"Mama watoto. Yule mzee wa saa alifika?"

Cherehani ikanyamaza.

"Alifika."

"Mlango ulifunguliwa?"

Mkewe akakata uzi kwa meno, taratibu sana. "Haukufunguliwa."

"Mwanajeshi?"

"Hakurudi."

"Msichana wa meli?"

"Wa meli usiniulize."

"Mpishi! Niambie basi mpishi alipata ladha yake!"

"Mpishi alipata. Huyo sikumgusa."

Staringi akaketi juu ya rundo la sare. Kitu kikampitia kichwani polepole. "Ndiyo maana wote waliishia kunywa chai," akasema. "Hata wale wapiganaji wa panga. Nilikuwa nashangaa, mbona kila nchi watu wanakunywa chai mwishoni!"

"Nilikuwa nimeshika birika. Mtu anatunga kwa kilicho mbele yake."

Wangeweza kucheka hapo, lakini hakuna aliyecheka. Mkewe akaweka shati pembeni. "Unaikumbuka ya kwanza?" akauliza. "Tulikuwa na miezi michache tangu tuoane. Baba yako alikuwa amezikwa juzijuzi, na wewe ulikuwa husemi, huli, unakwenda kazini kama mzoga unaotembea. Tukatazama ile ya mzee mgonjwa anayesafiri kwenda kuwaona wanawe. Ukalala. Alikufa njiani, yule mzee. Asubuhi ukaniuliza, 'Aliwaona wanawe?' Ningekujibu nini? Nikasema aliwaona. Ukatabasamu, ukala mkate wote, ukatoka unapiga mluzi. Nilisimama mlangoni nikakusikiliza mpaka kona. Baada ya hapo sikuweza tena kuacha. Niliupenda ule mluzi."

Staringi hakujua akasirike au amkumbatie. Alikasirika kwanza, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu. "Nimemwapia Msumari!" akasema. "Nimempa akatazame mlango uliofungwa, kabla ya harusi ya mwanawe! Sasa karakana ina kufuli na yeye hajulikani alipo!"

Mkewe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hilo la Msumari hakulijua.

Siku zilizobaki zilikwenda kwa kujikokota. Walimtafuta kwa majirani, kwa wauza mbao, kwa binamu yake mwenye gereji. Hakuna aliyemwona. Staringi alitaka kumpigia binti, mkewe akamzuia. "Umwambie nini? Kwamba baba yake hataki kuja na sasa hata hajulikani alipo? Mwache avae gauni lake kwa amani." Jioni hawakuwasha televisheni. Staringi alikaa macho kwa mara ya kwanza, akitazama kioo cheusi, na mkewe akashona vifungo viwili kwenye tundu moja.

Jumamosi walipanda basi la asubuhi. Alibeba mikate ya harusi kwenye masanduku, kama alivyoahidi, na safari nzima hakumpendekezea filamu hata abiria mmoja. Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa shule. Viti vya plastiki vilipangwa mistari, na mbele kabisa, peke yake, kilisimama kiti cha mbao chenye mgongo mrefu na mikono iliyopinda kwa ustadi. Kilikuwa kitupu. Watu waliopita waligusa mkono wake na kusifu, kisha wakaenda kukaa kwingine.

Staringi alikitazama kiti kile, akaweka chini masanduku ya mikate. "Nimemharibia mtoto harusi," akamwambia mkewe. Machozi yalimtoka mbele za watu na hakujali.

"Harusi ya nani umeharibu?" sauti ikauliza kutoka chini.

Nyuma ya kiti yakajitokeza magoti, kisha mkono, kisha Msumari mzima, amevaa suti, amelala chali sakafuni na kichwa chini ya kiti. Akatambaa nje, akajipangusa, akamwendea Staringi kidole kikiwa mbele.

"Mwongo mkubwa we! Umeniapia kwa urafiki!"

"Ndugu yangu, nilikuwa..."

"Nyamaza. Niliketi karakanani mbele ya televisheni nasubiri mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Majina ya watu yakaanza kupanda, nikasema labda utafunguliwa baada ya majina. Majina yakaisha. Nikadhani nimeruka mahali, nikairudisha nyuma, nikatazama tena. Mzee anaiweka saa chini. Nyumba imefungwa. Nikasema, hapana. Mimi siwezi kungoja niwe huyu. Nikachukua koti nikatoka, hata simu sikuchukua. Nilipofika kwa mwanangu nilianza kubisha nikiwa bado barabarani. Majirani walinifungulia kabla yake."

"Akasemaje?" akauliza mke wa Staringi.

"Alisema, 'Baba, umechelewa.'"

Mke wa Staringi akashika mkono wa mumewe kwa nguvu. "Na chai?" akauliza Staringi.

"Chai gani nawe! Alinipa msasa. Kulikuwa na viti vya wateja havijamalizwa."

Binti alikuwa amefika nyuma yao, gauni lake ameliinua kwa mikono miwili ili lisifagie sakafu, anacheka. "Baba mdogo, nilitaka kukupigia siku ileile," akasema. "Alinikataza. Alisema mwache na yeye akae na wasiwasi kidogo."

"Kidogo!" akasema Staringi.

"Na sikiliza," akasema Msumari, akashusha sauti. "Ungeniambia ukweli kwamba mlango haufunguliwi, nisingeitazama. Ningekwambia huzuni ninayo ya kunitosha. Niliitazama kwa sababu ya uongo wako. Kwa hiyo sijui nikupige au nikushukuru, nimeamua nile mikate yako kwanza." Akageukia kile kiti, akauweka mkono wake juu ya mgongo wake. "Nimekikagua tangu nifike. Nimeingia mpaka chini. Nimetafuta pa kurekebisha." Akatingisha kichwa. "Sijapaona."

Akaketi. Binti akamtazama alivyokaa, akafuta uso kwa kiganja kama fundi, akasahau kwamba ana poda. Ndoa ikafungwa, mikate ikaliwa mpaka makombo, na nesi alipoulizia habari Jumatatu asubuhi, Staringi alimsimulia mwanzo hadi mwisho, bila kuficha hata usingizi wake. Foleni ilicheka mpaka karani wa mahakama akaegemea ukuta. Heshima yake haikupungua hata chembe. Iliyopanda ni ya mkewe: watu wakaanza kupita kwake na sare zisizo na tatizo lolote, wakitaka wasimuliwe upya miisho ya filamu zilizowaliza.

Staringi aliapa kwamba sasa atazitazama mpaka mwisho kama watu wengine. Alijiandaa kama mtu wa mtihani. Siku yake ya mapumziko alilala mchana kutwa, jioni akanawa uso kwa maji baridi, akaweka filamu mpya ambayo hata mkewe hakuwa ameiona. Ilihusu mume na mke wazee, wenye duka la taa, wanaotaka kwenda kuiona bahari mara moja kabla hawajafa. Mkewe alikuwa ameshona wiki nzima, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Muziki uliposhuka, kidole chake kikalegea, kifungo kikaanguka sakafuni, na kichwa kikamlalia mumewe begani.

Staringi hakumwamsha. Alitazama peke yake, mpaka majina ya mwisho. Alijiona ana bahati na anaonewa kwa wakati mmoja.

Alfajiri chai ilikuwa mezani. Mkewe akamimina, akapikicha macho, akaketi mbele yake.

"Jana nimelala," akasema, kama asiyeamini. "Iliishaje?"

Staringi alichukua kikombe. Aliwaona tena wale wazee, mmoja kituoni, na kiti cha pili kando yake kitupu. Akamtazama mkewe, nywele hazijachanwa, alama ya mkunjo wa shati la mumewe shavuni.

"Waliiona," akasema. "Wote wawili. Wakakuta kibanda pale ufukoni, wakanywa chai."

Mkewe akamwongezea chai. "Ya maziwa?"

"Ya maziwa. Na mkate wa moto."

"Ni filamu nzuri basi. Leo nikimaliza sare nitairudia."

"Hapana," akasema Staringi, haraka mno. Tangu ajijue alikuwa hajawahi kumkataza binadamu yeyote filamu. "Hiyo usirudie."

Mkewe alianza kucheka, akacheka mpaka akaweka birika chini. Kisha akampa kofia yake, akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka kona.